Je, Wajua? Juma Ikangaa, Mwana wa Dodoma Aliyeweka Rekodi New York

Kijana wa Busi au popote wilayani Kondoa anayependa riadha amjue mtu huyu, maana ni wa mkoani kwake.

Je, wajua kwamba Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957, na alikimbia akiwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania?

Je, wajua kwamba mwaka 1982 alitwaa ubingwa wa Afrika wa marathoni jijini Cairo? Mwaka huo huo, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane, yeye na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga walichomoka mapema na kuwaacha wengine. Mwenyeji Robert de Castella aliwafukuzia kilometa kwa kilometa. Alipomfikia Ikangaa walipokezana uongozi, huyu akipita, yule akijibu, hadi karibu na utepe. De Castella alimaliza kwa saa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30, medali ya fedha.

Je, wajua kwamba Mwingereza Mike Gratton, aliyepata shaba siku hiyo, alifika zaidi ya dakika 2 baada ya Ikangaa? Mwaka uliofuata Gratton alishinda London Marathon.

Je, wajua kwamba huko Fukuoka, Japani, mwaka 1983, Toshihiko Seko alimpita Ikangaa kwa sekunde 3 tu? Ikangaa alirudi Fukuoka mwaka 1986 akashinda. Tokyo nako alishinda mara mbili, 1984 na 1986.

Je, wajua kwamba Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo: 1988, 1989 na 1990? Ya 1988 ndiyo iliyouma zaidi. Ibrahim Hussein wa Kenya alitumia saa 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Kwa kasi waliyokuwa nayo, sekunde hiyo moja ni kama meta 5 na nusu, baada ya kukimbia zaidi ya kilometa 42. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston.

Je, wajua kwamba Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01? Hiyo ni wastani wa dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilometa. Muda bora uliokuwa umewahi kukimbiwa huko ulikuwa 2:08:13, wa Alberto Salazar, 1981. Sekunde 12 zilimnyima dhahabu Brisbane. Sekunde 12 hizo hizo zikampa rekodi New York.

Je, wajua kwamba rekodi hiyo ilidumu miaka 12? Aliyeivunja ni Tesfaye Jifar wa Ethiopia, mwaka 2001, kwa saa 2:07:43.

Je, wajua kwamba katika Olimpiki alikuwa wa sita Los Angeles 1984 na wa saba Seoul 1988? Mtu anayerudi miaka minne baadaye akiwa bado miongoni mwa kumi bora duniani ni mtu wa mazoezi, si wa bahati. Nafasi zake za pili zinastahili heshima ileile tunayozipa dhahabu.

Je, wajua kwamba baada ya kustaafu alishirikiana na shirika la Japani la JICA katika mashindano ya riadha ya wanawake, Ladies First, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017? Binti wa Busi mwenye mbio naye apewe nafasi: walimu na wazazi, mwandikisheni.