Kudishi Busia na Malaba: Vile Utakula Pande Zote za Boda Bila Bili Kukuumbua

Umeziona zile video. Msee ako Barbados, amekaa chini ya mnazi, miguu kwa mchanga, sahani imejaa vitu vya baharini, na kinywaji kina kamwavuli juu. Wewe uko Busia stendi, viatu vimejaa vumbi, unaskrolu ukingoja matatu ijae. Unajiambia siku moja. Sawa, siku moja itafika.

Lakini kuna kitu hizo video hazikuambii. Bili ikikuja, yule msee anaona alama ya dola na hajui ni dola ya nani. Barbados wana dola yao, na tangu 1975 dola mbili za kwao ni sawa na dola moja ya Marekani. Menyu ikisema 40 na hukuuliza ni 40 ya nani, unaweza kuwa umekula kwa bei mara mbili ya ile ulikuwa unafikiria. Utajua mwisho, wakati samaki ashafika tumboni.

Hiyo shida sisi watu wa boda tunaijua sana. Huku kwetu inaitwa shilingi.

Mimi niliumbuka hivi. Campus niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa, na si ati mathe hakujaribu. Miaka yote hiyo alikuwa anauza nyanya na vitunguu sokoni Busia. Siku nilishika doh yangu ya kwanza ya kuandika, nilimwambia avae poa, leo tunavuka tukakule samaki upande wa Uganda. Si kibandaski, hoteli ya vitambaa kwa meza.

Nikabadilisha thao mbili na msee wa barabarani. Akanipea 26 kwa kila shilingi, kwa hivyo nikapata 52,000. Manze, elfu hamsini na mbili kwa mfuko! Nilitembea kama mheshimiwa. Tulipofika, nikaonyesha samaki kwa kioo, huyu na huyu. Sikuuliza bei. Niliona aibu kuuliza bei mbele ya mathe, ikae kama sina kitu.

Bili ilikuja 64,000. Samaki wawili 30,000 kila mmoja, soda mbili 2,000 kila moja. Nikahesabu zile noti mara tatu kama zitazaana. Mathe hakusema kitu. Alifungua fundo la leso, akatoa punch ya Kenya. Hoteli wakaihesabu kwa 24, ikafika 12,000 kamili. Yaani mtu niliyempeleka nje ndiye alinitoa ndani.

Kwa hivyo hii nakuandikia wewe unapanga kuleta dem, mabeshte ama mzazi wako huku. Haya ndiyo mambo ningetaka mtu aniambie kabla ya ile siku.

1. Shilingi ni mbili, na zote zinaitwa shilingi

Hadi 1966 Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wanatumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Baadaye kila mtu akachapisha yake, na zikaachana mbali sana. Siku hizi shilingi moja ya Kenya huwa inacheza kati ya 25 na 30 za Uganda, kulingana na siku.

Hesabu ya haraka ni hii: chukua bei ya Uganda, toa sifuri mbili, zidisha kwa tatu na nusu. Rolex ya 3,000 inakuwa 30, mara tatu na nusu, ni kama 105 ya Kenya. Samaki wa 30,000 anakuwa 300, mara tatu na nusu, ni 1,050. Si hesabu ya benki, lakini itakuzuia kujiona tajiri bure.

Alafu shika hii: watu wengi wa upande ule wanakata zile elfu wakiongea. Wakisema "kumi na tano" wanamaanisha 15,000. Na kwa sababu wanajua wewe ni Mkenya, mwingine atakutajia bei moja kwa moja kwa pesa ya Kenya. Ukisikia "mia tano", uliza: ya Kenya ama ya Uganda? Hilo swali halikufanyi mshamba. Wafanyabiashara wote wa boda wanaliuliza kila siku.

Kubadilisha, uliza watu wawili watatu kabla ya kutoa noti yako, ama ingia duka la kubadilisha pesa lenye bei imeandikwa ukutani. Hesabu pesa yako hapo hapo, noti kwa noti, usikubali ile imekunjwa. Na lipa kwa pesa ile bei imetajwa nayo. Ukilipa bei ya Uganda na pesa ya Kenya, hoteli ndiyo inaamua inakuhesabia ngapi. Muulize mathe yangu.

2. Kuagiza ni tofauti

Upande wa Kenya unajua form. Unaagiza ugali, unaagiza nyama, mboga inakuja juu yake ama inalipiwa kando, na ugali ikiisha unaitisha ya kuongeza.

Ukivuka, swali la kwanza ni sosi gani: nyama, maharagwe, samaki ama mchuzi wa njugu. Bei iko kwa sosi. Kile kingine chote, wao wanaita emmere, kinakuja nacho: matoke, posho, wali, viazi vitamu, wakati mwingine vyote kwa sahani moja kama harusi. Kwa hivyo usione bei iko juu ukadhani unaibiwa, na usiagize sahani mbili za wali kama bado hujaona ya kwanza.

Maneno nayo yanabadilika. Posho ni ugali. Muchomo ni nyama choma. Gonja ni ile ndizi tamu ya kuchoma. Katogo ni matoke yamepikwa chungu kimoja na matumbo ama njugu, na watu hula asubuhi. Chapo dondo yetu iko huko pia, lakini chapati inakatwa vipande ndani ya maharagwe na inaitwa kikomando. Rolex nayo si saa: ni mayai yamekaangwa na kabeji, nyanya na vitunguu, yakakunjwa ndani ya chapati. Mwambie mapema unataka mayai mangapi na chapati ngapi, kwa sababu bei inafuata hiyo.

Ukitaka kuuliza bei kwa Luganda, sema "ssente mmeka?" Kiswahili pia kitakufikisha.

3. Busia na Malaba si mji mmoja

Kuna wasee wa Nairobi wanadhani ni kitu kimoja. Ziko kama kilomita 30 mbali, na zinalisha watu tofauti.

Busia ni mji wa soko. Watu wanatoka kijijini, wanauza, wanakula, wanarudi. Dishi ya hapa upande wa Kenya ni samaki, kuku wa kienyeji, mrenda, kunde na saga, pamoja na ile ugali ya kahawia ya mhogo uliosagwa na mtama ama wimbi. Kama umezoea ugali nyeupe, hii ya kwanza utaona inavutika na ni nzito. Usiikate kwa uma. Mega, finyanga, chovya. Sahani moja inakushikilia hadi jioni.

Malaba ni mji wa trela. Foleni ya malori inaweza kukaa, na dereva hawezi kuliacha lake aende mbali kula. Ndio maana dishi iko karibu na barabara, na jiko linawaka hadi usiku sana. Angalia madereva wanaingia wapi. Mtu amepita hii barabara mara mia hawezi rudi mahali palipomuumiza tumbo. Kama wamejaa na sufuria inaisha na kupikwa upya, hapo ingia. Kama nyama imekaa kwa kioo tangu asubuhi na hakuna mtu, pita tu.

Malaba pia ni kwa Wateso, na Wateso wako pande zote mbili. Ukialikwa kwa watu wao unaweza kukutana na atap, ugali yao ya wimbi, na ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu mkiwa mmezunguka chungu kimoja. Hiyo si ya kupiga picha na kuondoka. Ni ya kukaa, kuongea na kusikiza wazee.

Na usishangae dishi ikifanana pande zote. Hadi 1902 hii sehemu yote ilikuwa chini ya Uganda, alafu Waingereza wakasongesha mpaka kwa karatasi. Wasamia na Wateso wakajikuta nchi mbili, lakini sufuria hazikuhama. Hata neno boda boda lilitoka huku, kwa baiskeli zilizokuwa zinabeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine.

4. Bichi tunayo, lakini si ile ya TikTok

Ukiwa Busia na unataka maji, kaunti yetu inafika Ziwa Victoria. Shuka Sio Port, ama Port Victoria kule Bunyala. Ukisikia watu wakisema "bichi" huko, usibebe taulo. Bichi kwa ziwa ni mahali mashua zinatua na samaki wanapimwa. Kuna harufu, kuna kelele, kuna omena zimeanikwa kwa nyavu.

Lakini hapo ndipo utakula ngege ama mbuta aliyetoka majini siku hiyo hiyo. Fika mapema, mashua zikirudi. Bei inaenda na saizi, kwa hivyo onyesha samaki na ukubaliane bei akiwa bado mbichi. Akishaingia kwa mafuta, ni wako.

Utashangaa mbona mbuta ni ghali hapo hapo kwao. Ni kwa sababu wewe unashindana na watu wako mbali sana. Minofu inaenda viwandani na inauzwa nje. Kile kibofu cha ndani, wavuvi wanaita mondo, kinatafutwa sana na soko la Uchina. Kinachobaki ni kichwa na mifupa, mgongo wazi, na hicho ndicho watu wengi wa huku wanaweza kununua. Ukikiona kwa menyu usikicheke. Kikaange vizuri, weka nyanya, na ugali ya kahawia kando. Ni kitamu, na kimelea watoto wengi.

5. Kuvuka na kurudi

Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na kitambulisho tu. Pale Busia kituo cha pamoja kilizinduliwa Februari 2018 na Uhuru na Museveni, kwa hivyo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja na unashughulikiwa upande ule unaingia. Njia za panya utaonyeshwa, hasa na mtu anataka kitu kidogo. Achana nazo. Ukishikwa, hiyo lunch itakuwa ghali kuliko ya Barbados.

Weka pesa taslimu. Wengi upande ule wana laini ya Kenya pia, lakini usiagize ukitegemea hiyo. Uliza kabla ya kukaa.

Sasa hii imenasa watu wengi: kavera. Ukifungiwa dishi ya kubeba huko Uganda, inaweza kuwekwa kwa mfuko wa plastiki bila mtu kushtuka. Kenya mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na sheria inasema faini ya kati ya milioni 2 na milioni 4, ama jela mwaka mmoja hadi minne. Yote juu ya gonja tatu. Beba kikapu chako, ama kula ukamalize huko.

Na mathe?

Siku ile tukirudi tulitembea pole pole hadi tukapita geti. Nikamwambia pole. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nanunua vitunguu huko kila wiki. Bei ya wale samaki niliijua tangu tukikaa."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema ilikuwa siku yangu, hakutaka kuiharibu. Alafu akaongeza kwamba sokoni hakuna mtu anaonea aibu kuuliza bei, aibu ni kufungua mfuko na kukosa.

Nimemrudisha tena tangu hapo, hoteli ingine. Nilisimama kwa kioo, nikauliza huyu ni ngapi, ya Kenya ama ya Uganda, na kama soda na emmere ziko ndani. Yule dada alijibu vizuri tu. Mathe alikuwa nyuma yangu, anacheka chini chini. Bili ilikuja vile nilikuwa nimehesabu, na leso haikufunguliwa.

Kwa hivyo wikendi hii ukija, njoo na njaa na kitambulisho. Na kabla ya kuvuta kiti, uliza.