Lifti ya gari hushikwa na sakafu

Lifti ya nguzo mbili huinua gari la tani mbili au tatu hadi juu ya kichwa cha mekanika, na kinachozuia nguzo zisipinduke ni boliti chache tu zilizo chini ya kila moja. Boliti hizo nazo hutegemea zege. Ndiyo maana gereji nyingi za jua kali za Kawangware na Kibera jijini Nairobi, zinazofanyia kazi juu ya udongo au plasta nyembamba, zimebaki na jeki, stendi na shimo. Anayetaka lifti hana budi kuanza na sakafu.

Uzito wa gari haukai sawasawa. Injini huelemea upande mmoja, mikono ya lifti hujitokeza mbali na nguzo, na fundi akivuta spana ndefu kufungua nati iliyoshika kutu, gari zima hutikisika. Upande mmoja wa kitako cha nguzo hukandamiza sakafu huku upande wa pili ukivuta boliti kwenda juu. Zege huvumilia sana kukandamizwa, lakini likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Likishindwa, boliti hung'oka na kipande cha zege chenye umbo la pia. Boliti isiyozama vya kutosha hushikiliwa na kipande kidogo, na kipande kidogo hakichelewi kung'oka.

Watengenezaji wengi hutaka zege lisilo na ufa, lenye unene wa angalau inchi 4. Inchi 6 ni bora zaidi. Sakafu ya zamani isiaminiwe kwa kuitazama tu. Tundu jembamba la drili likipitishwa hadi chini hutoa jibu: unga wa kijivu ukigeuka mwekundu kabla ya sentimita kumi, hapo ni udongo wa Kawangware, na nguzo zinahitaji zege jipya.

Zege la mita 4 kwa 2, lenye unene wa sentimita 15 na kuchanganywa kwa kipimo cha 1 : 1.5 : 3 (saruji, mchanga, kokoto), hula karibu magunia 10 ya saruji ya kilo 50. Saruji ya daraja la 42.5 ndiyo inayofaa. Ile ya 32.5 inayouzwa sana kwenye hadiwea ni ya kujengea kuta na kupiga plasta. Jua la Nairobi la Januari na Februari hukausha zege kabla halijashika nguvu, hivyo lifunikwe kwa magunia yanayomwagiwa maji kwa wiki nzima, kisha lingoje mpaka siku 28 zitimie. Kufunga boliti mapema ni kuharibu kazi yote.

Boliti inayotumika sana ni ya kupanuka, yenye kipenyo cha inchi ¾. Mkia wake ni mnene chini na umevikwa pete ya chuma. Nati ikikazwa, mkia hupanda, pete hutanuka na kuuma ukuta wa tundu. Kwa hiyo tundu lazima liwe la kipenyo kile kile, litobolewe wima kwa drili ya nyundo, na vumbi lote lipulizwe. Vumbi likibaki, pete huteleza. Matundu yawe mbali na ukingo wa zege na mahali vipande viwili vinapoungana. Nguzo iliyoinama husawazishwa kwa vipande vya chuma chini ya kitako, kamwe si kwa mbao. Nati hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, na hukaguliwa tena baada ya siku chache za kazi. Boliti inayozunguka bila kukaza imekataa; tundu jipya litobolewe mbali na lile la kwanza.

Katika mitaa kama Kawangware na Kibera sakafu ina swali jingine: ardhi ni ya nani. Mnamo Julai 2018 ubomoaji wa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ulipita katikati ya Kibera. Mpangaji akihama, nguzo, mota na kebo hufunguliwa na kubebwa, lakini zege hubaki kwa mwenye kiwanja. Gharama yake izungumzwe na kuandikwa kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa. Boliti za kupanuka nazo hukatwa usawa wa sakafu. Hazitumiki mara ya pili, na gereji mpya hununua nyingine.