Simu au kituo cha afya? Namna ya kusaidia vijana waliojeruhiwa na vita moyoni

Wazazi na viongozi, vita havibomoi nyumba tu. Vinaacha pia majeraha yasiyoonekana, na vijana wanayabeba kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18.

Kijana hapati usingizi, anaota vita, anajitenga, anagombana na kila mtu, au tumbo linamuuma bila muuguzi kuona ugonjwa. Huyo si mkaidi, wala hakurogwa. Hali hiyo ikidumu majuma kadhaa, anahitaji msaada.

Simu inafaa wakati gani?

Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za kandokando ya Goma, kama vile Bulengo, zilibaki tupu. Jamaa nyingi zilirudi Masisi na Rutshuru. Kijana aliyekuwa amezoea mshauri wake alimwacha nyuma. Hapo ndipo simu inasaidia: mazungumzo yanaendelea hata kama barabara imefungwa au nauli haipo. Simu inafaa zaidi kwa kijana ambaye mshauri anamfahamu tayari.

Lakini simu ina sharti lake, nalo ni siri. Katika hema moja wanalala watu wengi. Kijana hawezi kusema yaliyompata mbele ya wadogo zake. Mshauri aanze kwa kuuliza, "Uko peke yako?", na wapatane neno moja la kusema mtu akiingia.

Wakati gani ni lazima kufika mwenyewe?

- Kijana anasema anataka kufa, au amejiumiza. Asiachwe peke yake hata kidogo.
- Anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, au anaanguka kifafa. Anahitaji kupimwa na kupewa dawa.
- Amebakwa. Afikishwe kituoni mbele ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai baada ya hapo. Hata kama saa zimepita, aende tu. Matunzo mengine yapo.
- Anayemtesa anaishi naye nyumba moja. Simu inaweza kumtia hatarini zaidi.

Kwa wagonjwa wazito, kuna vituo vinavyojulikana kwa miaka mingi: Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu.

Si lazima daktari kila mara

Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mafundisho yanayoitwa EASE, kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 wenye huzuni na wasiwasi. Ni vikao 7 vya watoto na vikao 3 vya wazazi. Anayeviongoza si lazima awe daktari. Mtu wa jamii aliyefundishwa na anayesimamiwa anaweza. Watoto wanakaa pamoja, na wanagundua kwamba hawako peke yao.

Viongozi mfanye nini?

Tafuteni mahali pa kimya, hata darasa baada ya masomo, ambapo kijana anaweza kuzungumza bila kusikilizwa. Wekeni simu moja ya kamati, na majina ya wanaoitumia yasiandikwe ovyo. Katazeni maneno ya kuwaita vijana hao wendawazimu.

Kijana aliyesikilizwa leo si rahisi kudanganywa kesho na wanaomtafutia bunduki. Kazi ya amani inaanzia hapo pia.