Hoteli ya kifahari Guangzhou iliyokataa kufunga mlango

GUANGZHOU, China. Mfanyabiashara wa Kariakoo, Gikomba au Kikuubo akifika hapa hulala Xiaobei, mtaa uliozoeleka kwa Waafrika, na siku zake huishia kwenye maduka ya jumla na ofisi za kusafirisha mizigo. Wachache hupata muda wa kupanda treni ya chini ya ardhi hadi Huangsha na kuvuka kwenda kisiwa cha Shamian, kando ya Mto Pearl, ilipo hoteli ya White Swan.

Kisiwa hicho kina historia chungu. China iliposhindwa vitani katikati ya karne ya 19, Waingereza na Wafaransa walikitwaa, wakajenga benki, makanisa na nyumba za biashara, na madaraja ya kuingilia wakayawekea mageti. Mchina akawa mgeni ndani ya mji wake.

Hoteli ilifunguliwa mwaka 1983, mradi wa tajiri wa Hong Kong, Henry Fok, na serikali ya China. Enzi hizo hoteli za wageni zilikuwa haziingiliki kwa mwananchi wa kawaida. Fok akashikilia kwamba hii iwe wazi kwa yeyote. Umati ukafurika, na inasimuliwa kuwa karatasi za chooni ziliisha kwa mamia ya roli. Kuna waliotaka mlango ufungwe. Akakataa.

Wasanifu She Junnan na Mo Bozhi walikuwa wamechora jengo la kupokea umati huo. Mnara mweupe wa ghorofa 28 umesimama ukingoni kabisa mwa maji, na barabara ya juu imepitishwa kandokando ya mto ili magari yasivuruge njia nyembamba za kisiwa na miti yake mikubwa. Lakini kazi yao kubwa iko ndani. Ukiingia, kinachokupokea ni bustani: mlima wa mawe, kibanda chenye paa lililopinda kileleni, maporomoko ya maji, daraja dogo na bwawa la samaki wekundu, vyote chini ya mwanga wa jua unaoshuka kutoka darini. Ni bustani ya jadi ya kusini mwa China iliyoingizwa ndani ya nyumba, na korido za ghorofa za chini zinaizunguka ili kila apitaye aione.

Kwenye mwamba yamechongwa maneno ya Kichina yenye maana ya “maji ya nyumbani”. Yaliwalenga Wachina waliohamia ng’ambo na kurudi baada ya miaka mingi. Aliyekaa mbali na kwao akitafuta riziki hahitaji mkalimani hapo.

Malkia Elizabeth wa Pili alifika hapa mwaka 1986. Hoteli ilifungwa mwaka 2012 kwa ukarabati, ikafunguliwa tena 2015 ikiwa na vyumba 520 badala ya 843, kwa kuwa vya zamani vilikuwa vidogo mno kwa wateja wa sasa. Bustani haikuguswa kwa pupa. Maporomoko yapo, na familia za mjini bado huja kupiga picha.

Kutazama ni bure. Chai ni bei ya nyota tano, lakini viti vyake vinaelekea ukuta mrefu wa kioo, na nje ya kioo mashua zinapita.