Nembo ya mtaa ni mali, nani atakuwa na hati yake?

Mwaka 2016 jengo la Boma mjini Iringa lilifunguliwa rasmi kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni. Jengo hilo lilijengwa enzi za utawala wa Wajerumani, na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi za serikali. Ukarabati wake ulifanywa chini ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya.

Sehemu kongwe ya mji inapoanza kupata wageni namna hiyo, wenye maduka, migahawa na meza za vikapu huanza kujiuliza jinsi ya kunufaika. Wazo moja ambalo hujitokeza katika miji mingi ni kuwa na nembo ya mtaa, yaani mchoro mmoja utakaoonekana kwenye mabango, mifuko, fulana na risiti za wafanyabiashara wote wa eneo hilo. Kwa kawaida wazo hilo huja pamoja na mchango. Wiki hii tunaeleza mambo ambayo mfanyabiashara wa Uhindini, Miomboni au Soko Kuu anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha zake.

Mfano wa New York

Nembo ya mji inayojulikana kuliko zote duniani ni ile ya New York yenye herufi tatu na moyo mwekundu. Ilichorwa mwaka 1977 na Milton Glaser, wakati New York ilikuwa na hali mbaya ya fedha na sifa mbaya kwa wageni. Glaser hakudai malipo. Hata hivyo, nembo hiyo ni mali ya serikali ya jimbo, na kampuni inayotaka kuitumia kwenye bidhaa zake hutakiwa kuomba leseni.

Funzo kwa mfanyabiashara ni kwamba gharama ya kuchora inaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa. Thamani ya nembo inatokana na kuwa na mwenyewe, kuwa na masharti ya matumizi, na kuwa na mtu wa kuyasimamia masharti hayo.

Mchoro upi?

Iringa haina uhaba wa alama. Lipo Boma lenyewe. Upo mwamba wa Gangilonga unaoutazama mji. Ipo kumbukumbu ya Mtwa Mkwawa, aliyepambana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898, na ambaye fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Vipo pia vikapu vya Iringa, vinavyosukwa kwa milulu na akina mama wa Kihehe.

Kila alama ina hesabu zake. Boma linatambulika kwa urahisi na liko katikati ya mji, lakini ni jengo la mtawala wa kigeni. Jina na sura ya Mkwawa vina uzito kwa ukoo wake na kwa Wahehe wote, hivyo si busara kuvibandika kwenye chupa za bia bila kuzungumza na wahusika. Gangilonga ni alama ya mji mzima, si ya mtaa mmoja.

Kikapu ndicho kinachouzika zaidi, lakini hapo ndipo penye swali gumu. Wasukaji wengi wako vijijini, wakati wauzaji wako mjini. Iwapo mtaa utajipatia jina kwa mchoro wa kikapu, msukaji atapata nini? Bei yake ikibaki ileile huku bei ya dukani ikipanda, nembo hiyo itakuwa imehamisha faida tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Kwa upande wa ufundi, kipimo ni rahisi. Mchoro uonekane vizuri kwa rangi moja, kwenye muhuri wa mpira, na ukiwa mdogo kama stempu ya posta. Fundi wa mabango aweze kuuchora kwa brashi bila kuuharibu. Mchoro unaohitaji rangi sita utaongeza gharama kila mara unapochapwa.

Hati kabla ya rangi

Tanzania Bara, alama za biashara na huduma husajiliwa BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja: nguo ni daraja la 25, kahawa na chai la 30, hoteli na migahawa la 43. Kila daraja lina ada yake. Aidha, usajili wa Bara hauvuki kwenda Zanzibar, ambako kuna usajili wake.

Ikumbukwe kuwa kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kumiliki mali kwa jina lake. Ni lazima kuwe na chombo kinachotambuliwa kisheria: halmashauri, chama cha ushirika, kampuni au bodi ya wadhamini. Bila hivyo nembo inaweza kusajiliwa kwa jina la mwenyekiti au la mchoraji, na siku wakikosana na wenzao, wanachama watajikuta wakiomba ruhusa ya kutumia kitu walichokilipia. Mchoraji naye atie saini karatasi ya kukabidhi haki zake, na akabidhi faili halisi la mchoro linaloweza kukuzwa bila kupoteza ubora.

Hesabu ya mchango

Tuchukue mfano. Maduka 40 yakichanga Sh 50,000 kila moja, zitapatikana Sh 2,000,000 za mchoro, usajili na mabango ya mwanzo. Mwenye duka anayepata faida ya Sh 2,500 kwa kikapu kimoja atahitaji kuuza vikapu 20 zaidi ya kawaida yake ili arudishe mchango huo. Kama haoni vikapu hivyo 20 vitatoka wapi, ana haki ya kuuliza.

Mpangaji aangalie jambo jingine. Mtaa ukipata jina, kodi ya pango nayo hupanda. Mpangaji aliyechangia anaweza kuishia kumneemesha mwenye nyumba ambaye hakutoa hata shilingi. Ni vyema wenye nyumba nao wachangie, na mpangaji atafute mkataba wa muda mrefu kabla mabango hayajapanda.

Mwisho, nembo haifagii barabara. Mgeni aliyevutwa na bango zuri akakuta mtaro umeziba, choo kimefungwa na bei inabadilika kila anapoulizia, hatarudi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fedha zikiwa chache, zianze kwenye taa na usafi, nembo ifuate.

Kwa hiyo, mtu akija dukani kwako na karatasi ya michango na michoro mitatu ya kuchagua, usianze na kuchagua. Muulize kwanza ni chombo gani kitamiliki, nani atatunza hesabu, na asiyechangia atazuiwaje kuitumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.