Mradi wa Sola Hauna "Mtu wa Kumpa"

Mradi mkubwa wa umeme jua huajiri watu wengi kwa miezi michache, kisha wachache kwa miaka mingi. Mfano ulio jirani na Kanda ya Kati ni Kishapu, mkoani Shinyanga, ambako mwaka 2023 Tanesco ilisaini mkataba na kampuni ya Sinohydro wa kujenga megawati 50 za kwanza kati ya 150. Zikitumika paneli za wati 550, megawati 50 ni zaidi ya paneli 90,000, zote za kubebwa na kufungwa moja moja. Kabla ya paneli kuna kufyeka, kuweka uzio, kusimika nguzo za chuma na kuchimba mitaro ya nyaya. Baada yake kuna kuunganisha inveta na kufanya majaribio. Kila hatua ina watu wake, na hatua ikiisha nao huondoka. Mtambo ukishawaka wanabaki waendeshaji, mafundi umeme wachache, walinzi, na wa kufyeka nyasi na kufuta vumbi kwenye paneli, kazi ambayo kwa vumbi la Dodoma na Singida si ya mzaha.

Wanaotoa ajira hizo hawafanani. Vibarua huchukuliwa na mkandarasi au mkandarasi mdogo, mara nyingi kupitia serikali ya kijiji: karatasi inabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji, inataja idadi ya watu, kazi, malipo ya siku na saa ya kuripoti saiti. Mafundi wazoefu na wahandisi hutafutwa na mkandarasi mwenyewe, na wengi hutoka naye saiti ya nyuma. Ajira za kudumu za taasisi za umma, kama Tanesco na REA, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo makao yake yako Dodoma, na maombi hupita Ajira Portal.

Pamoja na yote hayo, kila mradi unapotajwa redioni swali ni lilelile: "Nimpe nani?" Mwulizaji hana haja ya kujua mkandarasi ni nani, wala sifa zinazotakiwa ni zipi. Anatafuta mtu wa kupelekewa hela ili jina lipite. Imani hii imekaa vichwani kiasi kwamba asiyetoa hujiona mzembe, na aliyetoa akakosa hujilaumu kwamba alitoa kidogo.

Inafaa kuuangalia kwa karibu ujumbe wa simu unaowafikia watafuta kazi, ambao kwa kawaida husomeka hivi: "HONGERA UMECHAGULIWA MRADI WA SOLA. TUMA 35,000 YA SARE NA KUPIMA AFYA MWISHO LEO SAA 10. HR." Mkandarasi hatajwi. Kazi haitajwi, kijiji hakitajwi, wala haijulikani ni kibarua cha siku au mkataba wa mwaka. Aliyechaguliwa hakuwahi kuomba. Namba ya kutumia hela ni ya mtu binafsi, na muda ni wa saa chache ili asipate nafasi ya kumuuliza yeyote. Mtumaji ni mdogo wake yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kavaa helmeti tu. Na hiyo sare anayoidai si mzigo wa mwombaji: kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, vifaa kinga hutolewa na mwajiri bure. Akiwa anajiita wakala wa ajira, hali yake ni mbaya zaidi, maana kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa huduma za ajira zinamkataza kumtoza mtafuta kazi.

Hapo hutolewa hoja inayodhaniwa ndiyo ya mwisho: "Lakini fulani alitoa, na kazi akapata." Huenda ni kweli, na bado haithibitishi kitu. Mkandarasi anayehitaji vibarua 200 atawachukua 200, hela zitoke zisitoke. Mjanja akikusanya kwa watu 60, baadhi yao wangechukuliwa hata kama wasingempa senti. Hao ndio wanaomsifia kijiweni. Waliokosa wanaambiwa "subiri awamu ya pili", na kwa kuwa ni aibu kusema umeliwa, wananyamaza. Ni biashara ya mganga wa mvua anayepokea mbuzi Novemba katika nchi ambayo mvua zake huanza Desemba: zikinyesha ni kazi yake, zisiponyesha kuna mtu kijijini aliyevunja mwiko.

Kuna pia wanaosema mtu wao si tapeli, ni ofisa kweli. Basi afadhali angekuwa tapeli. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, kwa hiyo aliyetoa hata pa kudai hana. Na kwenye ajira za umma ofisa huyo ana kazi ngumu kuliko anavyojisifu. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani. Upo mtihani wa kuandika, kwa fani za ufundi hufuata usaili wa vitendo, halafu mahojiano. Asiyejua kupima volti za mnyororo wa paneli hasaidiwi na 35,000.

Mtaji mkubwa wa matapeli ni muda unaopita kati ya tangazo la mradi na shimo la kwanza. Si sola tu: upepo wa Singida umepimwa na kuzungumzwa kwa miaka mingi, lakini mitambo ya upepo iliyotangulia kuzalisha umeme nchini ni ya Mwenga, Mufindi, megawati 2.4, mwaka 2020. Kabla mkandarasi hajaleta hata greda kuna tathmini ya mazingira ya NEMC, leseni ya EWURA, mkataba wa kuuziana umeme na Tanesco, na mkopo. Katika kipindi hicho chote hakuna wa kuajiriwa ila mlinzi wa mlingoti wa kupimia upepo. Anayekusanya CV na hela wakati huo anauza taarifa ya habari.

Wenye miradi nao wana lao. Tangazo huisha kwa "watakaokidhi vigezo ndio watakaojulishwa", halafu kimya. Mwombaji aliyekosa na yule ambaye maombi yake hayajafunguliwa hupata jibu moja, yaani hakuna, na kimya hicho ndicho anachokijaza mwenye namba ya simu. Sekretarieti ya Ajira walau hutoa orodha, na wasioona majina yao huelezwa kwamba hawakukidhi vigezo na wasisite kuomba tena. Mkandarasi binafsi anayeweza kuwalipa mamia ya vibarua kwa simu kila wiki hana sababu ya kushindwa kuwatumia waombaji ujumbe wa mstari mmoja: nafasi zimejaa, kampuni haitozi ada, tangazo lolote litabandikwa kwa mtendaji. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inapokataza ubaguzi, inamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, haimruhusu mtu kurundika nakala za vyeti na namba za NIDA kwenye boksi kontenani.

Njia zenyewe ni hizi. Kwa kibarua, mtendaji na lango la saiti, asubuhi, pamoja na kitambulisho; malipo ya siku yaulizwe kabla ya kushika koleo. Kwa ajira ya umma, Ajira Portal tu: vyeti kamili, kwa kuwa hati ya matokeo, "provisional" na "testimonial" hazikubaliwi, barua iliyosainiwa, na majina yakitofautiana kwenye vyeti, hati ya kiapo cha majina mapema. Fundi wa mtaani asiye na cheti aende VETA kutathminiwa ujuzi alionao. Anayefunga umeme atafute leseni ya EWURA ya daraja lake. Mhandisi aliyehitimu ajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, huandikisha watafuta kazi bure. Jina la mkandarasi huangaliwa kwenye rejesta ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na la kampuni nyingine BRELA. Anayeitwa "ofisa mauzo" wa taa za sola aulize kama kuna mshahara au ni kamisheni tupu. Mara nyingi ni kamisheni. Namba inayodai hela ya ajira itumwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na mwenye wasiwasi kwamba kitambulisho alichokwisha kutuma kimesajilia laini nyingine apige *106#.