Zeze, udi na gambusi: Ufunge nyuzi gani kabla chombo hakijapasuka?

Umerithi udi wa babu, au umenunua zeze Bagamoyo, na uzi umekatika. Fundi yuko mbali, mazoezi ni kesho. Wengi hapo hufunga chochote kilichopo: uzi wa gitaa, waya wa breki, mshipi wa kuvulia samaki. Wiki chache baadaye shingo imepinda au ngozi imechanika.

Hasara hiyo inazuilika. Soma haya kabla hujakaza.

Sauti inaamuliwa na nini?

Ni mambo matatu tu: urefu wa uzi, uzito wake na mkazo. Mfaransa Marin Mersenne aliandika kanuni hizi mwaka 1636 na bado zinafanya kazi:

- Ukifupisha uzi nusu, sauti inapanda oktava moja.
- Uzi wenye unene nusu, kwa mkazo uleule, nao unapanda oktava moja.
- Ukitaka oktava hiyo kwa kukaza tu, mkazo lazima uwe mara 4.

Yaani, ukitaka sauti ya juu usilazimishe kukaza. Tafuta uzi mwembamba zaidi.

Udi: achana na nyuzi za chuma za gitaa

Udi wa taarab kwa kawaida una nyuzi 11: jozi 5 na uzi mmoja wa besi. Tuseme kila uzi unavuta kilo 4. Jumla ni kilo 44, karibu sawa na mfuko wa saruji, na vyote hivyo vinavuta ubao mwembamba wa milimita 2 hivi.

Gitaa la nyuzi za chuma linavutwa kwa kilo 60 hadi 80 na nyuzi 6 tu. Lenyewe limejengwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi lina fito ya chuma ndani ya shingo. Udi hauna.

Zamani nyuzi za vyombo vya aina hii zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama au hariri. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, nailoni ilikuwa bado haijavumbuliwa. Leo nailoni ndiyo chaguo rahisi. Kwa kuwa utumbo ni mzito kidogo kuliko nailoni, uzi wa utumbo wa milimita 0.70 unabadilishwa na nailoni ya milimita 0.75 hivi.

Gambusi, ambalo wengine huliita kibangala, linahitaji uangalifu zaidi. Uso wake ni wa ngozi, na ngozi inabonyea haraka kuliko ubao. Anza na nyuzi nyepesi.

Zeze: hapa chuma kinaruhusiwa

Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo (sasa TaSUBa) na kufariki mwaka 2003, ndiye aliyelipeleka zeze kwenye majukwaa ya dunia. Zeze hupigwa kwa upinde. Zamani lilifungwa nyuzi za katani au kano za wanyama, siku hizi wengi hutumia waya wa breki ya baiskeli.

Si ubahili. Kwa unene uleule, chuma ni kizito karibu mara 7 kuliko nailoni, kwa hiyo hata waya mwembamba sana unatoa sauti iliyoshiba. Ila usifunge waya mzima. Uchambue, utumie uzi mmoja tu wa ndani. Upinde nao upake ulimbo, la sivyo utateleza bila kutoa sauti.

Mshipi wa wavuvi unafaa?

Unafaa, kwa kiasi. Ukitoka Dar unapita Zinga kabla hujafika Bagamoyo mjini, na ukanda huu wa wavuvi mshipi si kitu cha kutafuta. Soma unene kwenye kifurushi. Kwa jozi mbili za juu za udi, anza na milimita 0.60 hadi 0.75. Chukua mpya, maana uliokwisha kuvuliwa una mikwaruzo na utakatika.

Kwa besi usitumie mshipi mnene, sauti yake hufifia. Nunua nyuzi zilizozungushiwa waya mwembamba.

Kaza hivi

- Badilisha uzi mmoja mmoja, usivue zote kwa pamoja.
- Kaza kidogo kidogo. Nailoni mpya hulegea kwa siku kadhaa, usiifidie kwa kukaza kupita kiasi.
- Ngozi ikianza kubonyea au ubao ukiinuka, legeza papo hapo.
- Futa nyuzi za chuma kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga. Hewa ya chumvi ya pwani inaleta kutu haraka.
- Usiache chombo ndani ya gari juani. Gundi inaachia.

Kama chombo ni cha zamani na hujui kilifungwa nyuzi gani mwanzo, usibahatishe. Waulize wapigaji na walimu wa TaSUBa Bagamoyo, au wa Dhow Countries Music Academy ukiwa Zanzibar. Uzi ukikatika unanunua mwingine. Ubao wa udi wa babu ukipasuka, hakuna duka linalouza wa pili.